Retraite ya Alimbongo

Alimbongo, tarehe 9 Februari 2003

Binti yangu Adèle,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Mimi ni mzima, isipokuwa kile kikohozi cha kila mwaka. Wewe na watoto, huko Beni, mnaendeleaje? Malaria imepungua Bungulu?

Sasa tuje kwenye nyumba. Nilikuomba unichoree nyumba ndogo ya vyumba vinne, juu ya shamba la marehemu mama yako, ambamo watu waliochoshwa na vita watasali na kulala. Umenichorea dirisha pana kama mlango wa kanisa. Adèle, ulizaliwa hapa. Upepo wa Alimbongo umeusahau? Fundi Vagheni ameuliza kama wageni watakuwa watu au mboga za kukausha. Na hicho choo chako cha majivu, kisichotumia maji, nimekieleza hadi nimechoka, na bado wanacheka.

Lakini hayo ni madogo. Juu ya mchoro uliandika "Maison de retraite". Mimi, kwa kuwa binti yangu amesoma, nikaandika hivyohivyo kwenye kibao na kukisimika kando ya barabara. Juzi amefika mzee Sikuli, yule mwalimu mstaafu, godoro kichwani. Akaniambia: "Malachie, miye niko mu retraite tangu zamani, na pension hapana kuona. Sasa nyumba yetu imekuya. Kitanda yangu iko wapi?" Kuta zenyewe bado zinanifika kiunoni! Analala jikoni kwangu. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimempa jembe, amelikalia.

Anayekupenda, ingawa kwa shida,
Tata yako, Malachie


Bungulu, Beni, tarehe 2 Machi 2003

Tata,

Nakusalimu kwa heshima. Sisi wazima, mtoto Kambere tu anaota meno na hatulali. Hamisi dereva amenifikishia barua na viazi, asante. Kikohozi hicho unakinywea nini?

Tata, unanichosha. Retraite niliyoandika ni ile tunayofanya parokiani kabla ya Pasaka, mtu kujitenga akasali. Si nyumba ya wazee wa pensheni. Kwa nini hukuuliza? Ng'oa kibao, andika "Nyumba ya Sala", tumalize.

Dirisha linatazama mashariki. Jua la asubuhi litapiga ule ukuta mnene wa nyuma, udongo utakunywa joto, na jioni utawarudishia wageni bila kukata mti hata mmoja wa kuni. Vagheni atengeneze mbao za kulifunga. Halafu, tangu lini umesahau? Hapo ndipo mama alipokuwa anakaa asubuhi kumenya njegere. Nimelichora hapo kwa ajili yake. Usiliguse. Na paa liwe la mabati, mvua iteremke tangini. Kuhusu choo, waache wacheke, chemchemi ya bondeni itabaki safi.

Huku wanasema askari wanasogea kutoka kusini. Ukisikia lolote, acha nyumba ushuke Beni. Baba ninaye mmoja tu.

Binti yako,
Adèle


Alimbongo, tarehe 27 Aprili 2003

Binti yangu Adèle,

Pasaka imepita salama? Sisi huku tunapumua. Kikohozi kimekwisha, sasa ni mgongo.

Kibao sikuking'oa. Rangi ilikuwa imekwisha, nikasema ngoja kwanza. Basi askari wakapita. Kamanda wao akasimama akakisoma, na kwa jeshi neno hilo ni kukimbia vita. Akaniuliza: "Retraite? Nani amekuambia batu yangu batarudi nyuma?" Nikamwambia ni ya kusali. Akajibu: "Basi, musali mukisimama." Akatusimamisha juani, mimi na Sikuli, na Sikuli hakuacha kurudia, "Lakini commandant, miye niko mu retraite kweli." Kila akisema hivyo, kamanda anazidi kuwaka. Walipoondoka walichukua kibao wakapikie, na mabati yote.

Kwa hiyo paa nimeezeka nyasi, mwenyewe, bila mchoro. Tangi lako linakunywa ukungu.

Kushuka Beni sishuki. Wageni wa kwanza wamefika, mama mmoja na mabinti zake, wametembea toka Kanyabayonga. Hawakusali. Walikaa kwenye jua la dirisha lako, halafu wakalala. Sikuli amewaachia godoro lake. Sisemi kwamba ulisema kweli, nakueleza tu yaliyotokea.

Tata yako,
Malachie


Bungulu, tarehe 18 Juni 2003

Tata,

Afya yako siulizi, maana naogopa jibu. Barua yangu ya Mei hukuijibu. Hamisi amerudi leo na lori tupu, anasema barabara imefungwa mbele ya Lubero.

Umeniudhi. Nyumba ya udongo nitakuchorea nyingine, hata kila mwaka. Shuka. Sikuli naye ashuke, na jembe lake. Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Mwanao,
Adèle


Butembo, tarehe 6 Julai 2003

Adèle wangu,

Salamu. Mimi ni mzima, miguu tu imevimba. Watoto je? Meno ya Kambere yametoka?

Niko Butembo, kwa dada yake Vagheni. Vita vilifika Alimbongo, nyumba imeungua. Moto ulianzia kwenye lile paa langu la nyasi. Kuta zako zimesimama, nilizitazama toka mbali.

Tulikuwa tumetoka mapema, wageni wote pia. Njiani Sikuli akasema: "Malachie, sasa ndiyo tuko mu retraite." Nikamwambia anyamaze. Kisha nikacheka, kisha nikalia, na sikuwa nimelia tangu tulipomzika mama yako.

Sikubeba sufuria wala blanketi. Nilimwambia Vagheni ang'oe dirisha. Alidhani nimepata wazimu. Tumelibeba kwa zamu, fremu na mbao zake, na kila tuliyepishana naye alituuliza nyumba iko wapi. Ni zito, Adèle. Ulikuwa na haja gani na dirisha pana namna hii?

Hamisi atatuchukua Jumanne. Tafuta huko Bungulu ukuta unaotazama mashariki. Sikuli anakuja nami, anauliza kitanda chake kiko wapi.

Tata yako,
Malachie