Kichwa Changu Mbele ya Ukuta

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ukuta wa nyuma umekwisha! Siku tatu za kukwangua, na leo ni mweupe pe. Masizi, mafuta ya kupikia, michoro ya makaa, maandishi ya ovyo — yote chini, yote kwenye toroli. Jumba hili la sinema lilijengwa na Wabelgiji, likafungwa, likalaza wakimbizi, likalaza mbuzi. Sasa lina sisi wasanii saba, na sidhani kama mbuzi walikuwa na kelele kutushinda.

Nimewahutubia tena wenzangu juu ya kuurudisha ukuta kwenye asili yake. Nani mwingine awahutubie? Formasyo ya siku tatu Lubumbashi, mafunzo ya kutunza majengo ya kale, nilifanya mimi. Sertifika ninayo, nimeiwekea plastiki. Rubens, mchonga sanamu na mkubwa wetu, aliuliza kama sertifika hiyo inaweza kubeba ndoo. Nilibeba ndoo.

Jumatano, 6 Agosti

Ameingia mama mmoja na beseni la samaki wakavu. Mama Denise, anatoka Zongwe kwa boti. Alivua kandambili mlangoni, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifanya. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wangu, chini ya dirisha la pili, akasimama.

«Mama, maandiko ya mwalimu iko wapi? Ilikuwa hapa.»

Nikamweleza kwa upole, kama mtaalamu. Kwamba tumeondoa uchafu. Kwamba ukuta ni patrimwani, urithi wetu sote. Nilisema «urithi» mara mbili, Mungu anisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia. Mwaka 2017 walikimbia vita kule Nyunzu, wakalala humu miezi minane. Mume wake, mwalimu Wilfried, aliwafundisha watoto humu humu, ukuta njo ubao, makaa njo chaki. Asubuhi moja aliandika somo, akawaambia watoto wanakili mpaka atakaporudi. Alikuwa anaenda kuangalia kama nyumba yao bado imesimama. Hakurudi. Watoto walinakili sentensi ile ile wiki nzima, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Miaka minane hakuna aliyethubutu. Nikaja mimi na kikwangulio.

Nilimuuliza sentensi ilisemaje. «Ile wakati sikujua kusoma, mama. Nilikuwa na haya kuuliza watoto. Sasa najua, nimejifunza kanisani. Njo maana nimekuja.»

Hana hata karatasi moja yenye mwandiko wa mumewe. Alisema hakuja kulia, alikuja kusoma.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tulipiga picha za ukuta kabla ya kazi. Arudi Ijumaa. Nilisema bila kutikisika. Sauti ile ile ya kwenye hotuba zangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Picha ni kumi na moja. Za kuweka kwenye dosye, faili la mradi wetu, «kabla ya kazi». Nilijipiga mwenyewe kwa sababu Rubens hajui mwanga.

Katika zote kumi na moja nimo mimi, pale pale chini ya dirisha la pili.

Ilikuwa siku ya kitambaa changu kipya cha kichwani, cha njano, kile cha Kigoma. Nilikifunga kirefu, kipana, mtu angeweza kujikinga jua nyuma yangu. Picha moja nimecheka, nyingine nimetazama mbali kama mtu mwenye mawazo. Upande wa kushoto wa kitambaa, sentensi ya mwalimu inasomeka: «Nyumba yetu». Kulia: «mvua.» Katikati ni mimi na meno yangu yote.

Nilikwenda kwenye lile rundo la vifusi nyuma ya jumba. Nimechambua kwa vidole saa mbili nzima. Unga mtupu. Nilifanya kazi safi, hilo siwezi kunyimwa.

Rubens hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema mimi ndiye ninayeandika vibao vya saluni na famasi zote za mji huu. Niige mwandiko, niiandike tena ukutani, nijaze katikati. Mama atajuaje?

Nikajaribu kwenye kartoni. Herufi m ya mwalimu ina mkia mrefu, y inalala. Kufikia jioni mkono ulikuwa umezoea. Nikaandika: «Nyumba yetu ina bati jipya, haiogopi mvua.» Nikasisimka mwili mzima. Kisha nikaona aibu, maana nilikuwa nimesisimkia kazi yangu. Yule mwalimu nilikuwa nimeshamsahau.

Kama aliandika kwamba nyumba inavuja? Kama lilikuwa neno kwa mke wake, lililopitia kwa watoto?

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika nimekaa juu ya ndoo, ili nisimtazame Mama Denise.

Nilikuja mapema na makaa mfukoni. Nilimkuta ameshafika, kandambili mlangoni. Basi sikuandika kitu. Nisijisifu: nilichelewa tu.

Nikasimama kwa woga, mgongo ukutani, nikampa simu yenye picha. Aliishika kwa mikono miwili. Akasoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata: «Nyu-mba... ye-tu.» Akarudia, safari hii bila kukata. Akatabasamu, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Kisha kidole kikafika kwenye kitambaa changu. Akakisukuma. Akasugua kioo, pole pole, mara tatu, kama anayeondoa tone la maji. Kichwa changu kikabaki pale pale kinacheka.

Akainua macho, akanitazama mimi niliyesimama mbele ya ukuta.

«Mama, sogea kidogo. Nisome.»

Na mimi nikasogea, nyuma yangu ukuta mweupe pe.