Mwizi wa Sauti Yangu

Chumba cha juu, nyuma ya studio
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Shemeji na mapacha hawajambo? Sisi huku wazima, ila koo langu linawasha kidogo kwa kucheka. Utaelewa sababu.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia kwa mkono wakati simu ipo. Zile salamu za sauti ulizokuwa ukizipokea tangu mvua zianze, zile za "dada, nimekukumbuka sana," si mimi. Tangu lini mimi nikasema maneno laini namna ile? Ulipaswa kushtuka.

Ni kazi ya mtoto wa shangazi, Falsafa wetu, yule ambaye utotoni akitumwa maji alikuwa anauliza maji ni nini. Siku hizi ni fundi mitambo hapa studio, tunapoingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za kigeni. Unaijua kazi yangu: kijumba chenye magodoro ukutani, mimi peke yangu ndani, mara bibi kizee, mara jambazi, mara bi harusi anayelia. Akitoka kazini, Falsafa huenda kwenye kipindi chake cha mtandaoni kuwauliza watu wanajuaje kama hawaoti, au kama dunia nzima si mchezo wa kompyuta anaoucheza mtu mwingine. Wafuasi wake hushika vichwa. Mimi hucheka, kwa sababu maneno hayo yote ameyaokota kwangu, nilipoigiza sauti ya mzee wa ndevu kwenye filamu za roboti.

Basi akachukua rekodi zangu bila kuniambia, akailisha mashine mpaka ikajua kusema kama mimi. Kwa kuijaribu, akaifanya ikutumie salamu wewe, na impigie mama simu kila siku. Mama akazungumza nayo, akaiombea dua, akacheka nayo. Falsafa akakirusha kicheko cha mama kwenye kipindi chake na kusema: "Mzazi mwenyewe hakutambua. Kama huwezi kutofautisha, tofauti haipo."

Dada, damu ilinichemka. Kuniibia mimi ningeweza kumsamehe, labda. Kumfanya mama kichekesho, hapana. Nikajiapiza kwamba nitamkomesha, tena mbele za watu, tena kwa maneno yake mwenyewe.

Wiki iliyopita akawaalika wakubwa wa kituo cha televisheni waje kuiona mashine, ili wasinihitaji tena. Wafuasi wake nao walikuwa wanatazama moja kwa moja. Nikajifungia mapema kwenye kijumba changu, nikachomoa waya wa mashine kwenye spika, nikachomeka wa maikrofoni yangu. Nikavaa visikilizi masikioni ili nisikie ya nje, nikatulia tuli kama maji mtungini.

Wakubwa wakaomba bibi kizee, wakapewa bibi kizee. Wakaomba jambazi, wakapewa jambazi. Falsafa akavimba kichwa, akaiinamia mashine: "Hebu tuambie, wewe unajua nini kwa hakika?"

"Kwa hakika?" nikasema. "Najua suruali uliyovaa ni ya shemeji yako, naye anaitafuta. Najua hekima zako zote ni za mzee wa ndevu wa filamu za roboti. Na najua uliyemfanya kichekesho ndiye aliyekulea wakati mama yako anaugua."

Watu walicheka mwanzoni, kisha wakaacha. Falsafa akaruka: "Si mashine hiyo! Ni yeye!"

Mkubwa mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akamuuliza kwa upole: "Umejuaje?"

Hapo alinaswa. Angesema tofauti ipo, mashine yake haina kazi. Angesema haipo, basi mashine yake ndiyo iliyomvua nguo hadharani. Wakubwa wakachukua mikoba yao wakaondoka. Mimi nikatoka polepole, nikampa mkono, nikamshukuru kwa spika nzuri.

Sasa akipita mtaani hata kinyozi anamuuliza, "Umejuaje?" Ambao hawakuwa na habari nimewafundisha mwenyewe. Naona raha, dada, sikufichi. Nikiamka naona raha, nikilala naona raha.

Juzi nikaenda kwa mama kumpelekea ushindi wake. Nikamweleza taratibu kwamba yule aliyekuwa akimpigia hakuwa mimi, alikuwa mashine. Mama aliendelea kukunja nguo.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Yule alikuwa ananiuliza nimelalaje, halafu anangoja nimjibu."

Akakunja shuka, akauliza kama yule nimemfukuza.

Hilo, dada, sijui nimlipizie nani.

Nisalimie shemeji, mapacha, na mama mkwe wako mcheshi. Mungu awape afya na usingizi mwema, na akuepushe na ndugu wenye maarifa mengi. Mpigie mama.

Akupendaye daima,
Mdogo wako