Upande wa Chini wa Dawati

Vudee,
9 Februari 2025

Mwanangu mpendwa Sadock,

Salamu nyingi zikufikie huko Mbagala, wewe na mkwe wangu Hellen. Natumaini hamjambo na joto halijawamaliza. Sisi huku tu wazima. Mama yako anasumbuliwa na goti lile lile, lakini Jumapili alipanda kanisani kwa miguu yake na kurudi akiwasema waimbaji njia nzima, kwa hiyo ujue hajambo. Mimi masikio ndiyo yanazidi kuniaga. Mashine ya randa imeyala. Juzi ulipopiga simu mama yako aliniwekea sikioni, nikasikia kama maharage yanachemka, nikamrudishia. Tuendelee na barua. Sifael wa basi la asubuhi anazishusha Same na hajawahi kupoteza hata moja.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ile shule ya sekondari tuliyoijenga kwa msaragambo, kijiji kizima bila malipo, imepauliwa. Unakumbuka ulipokuja Krismasi pembe ilipulizwa alfajiri, nawe ukabeba mawe kutoka mtoni ukilalamika mgongo kama bwana harusi. Kuta zile sasa zina bati. Kilichobaki ni madawati, na hapo ndipo Mungu ametukumbuka.

Mtendaji alitusomea mkutanoni kwamba madawati hayo serikali haitayanunua ovyo. Kazi kama hizi zinatengwa kwa wafanyabiashara wa wilaya hii hii, waliosajiliwa, wenye ofisi hapa. Nilimwomba arudie, akadhani sijasikia. Nilisikia, nilitaka kusikia tena. Basi tumesajili kikundi: mimi na mafundi wenzangu Asheri na Simeoni. Mwenyekiti ni mimi, na mama yako ameshaanza kunicheka kwa hilo.

Tumebishana kidogo juu ya bei. Simeoni anataka tuweke gharama ya ufundi. Nimekataa. Shule ambayo kina mama wameibebea mchanga kichwani, mimi nitaidaije mikono yangu? Tumeandika mbao za mgrevilea, skrubu, gundi, vanishi na umeme wa mashine. Kwenye ufundi tumeweka sifuri. Hii ya kwanza ni yetu, ni msaragambo. Tukishajulikana, itafuata kazi ya vitanda vya bweni, na shule nyingine za wilaya, na huko tutalipwa kama watu.

Hapo ndipo utarudi nyumbani, Sadock. Mimi peke yangu sitaweza, na wala sitaki kuweza peke yangu. Benchi lako la dirishani sijaliwekea kitu. Mwambie Hellen mtoto azaliwe huku penye hewa.

Ni mimi baba yako,
Anaeli


Mbagala,
2 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu pia, na umwambie goti alifunge lile jani la moto alilokuwa akimfunga bibi. Sisi hatujambo. Hellen anatapika asubuhi lakini mchana anakula kuliko mimi. Ameniambia nikuandikie kwamba anaota makande ya huko, nami nimemwambia asitaje makande mbele ya mtu aliye mbali na kwao.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilimsomea Hellen, akauliza kama huko Vudee kuna kliniki karibu. Mtu akiuliza kliniki ujue ameshaanza kuhama.

Ila baba, naomba unisikilize kwa hili moja. Weka gharama ya ufundi. Mimi nafanya kazi kwa watu wanaouza kwenye zabuni, najua kidogo wanavyoziangalia. Mtu akiona sifuri hafikirii ukarimu, anafikiria kuna kasoro. Weka hata kidogo, halafu mkishalipwa mtoe sadaka kanisani mkitaka. Najua utanuna. Nuna, lakini iweke.

Huku kazi imekuwa nyingi ghafla. Tangu Januari kiwanda kina oda kubwa ya madawati ya shule, ya fremu za chuma na mbao za kubandika, nasi wachomeleaji tunabaki hadi usiku na kulipwa ziada. Hiyo ziada siigusi. Ndiyo nauli na mizigo yetu ya kurudi.

Msimamizi amenisema tena kwamba nachelewesha wenzangu. Ni kwa sababu ya ile tabia uliyonifundisha. Nikimaliza kuchomelea nageuza dawati, napitisha grenda upande wa chini na kuviringisha ukingo pale magoti ya mtoto yanapokaa. Ananiambia hakuna mnunuzi anayeangalia chini. Namwambia baba yangu alichaniwa kaptura ya pekee na dawati la shule, akapigwa na babu kwa hiyo kaptura, na akaapa. Wenzangu wanacheka. Hakuna mwingine hapa anayefanya hivyo, kwa hiyo natania kwamba haya ni madawati yenye kabila.

Mwanao,
Sadock


Vudee,
6 Aprili 2025

Mwanangu Sadock,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mama yako anauliza hali ya Hellen kabla ya mimi kuandika lolote, basi nauliza: anaendeleaje? Sisi tunakula na tunalala, ingawa kulala kwangu siku hizi ni kugeuka tu.

Barua yako ilifika tukiwa tumeshatuma maombi. Kijana wa steshenari Same ndiye aliyetuingizia kwenye mfumo, kwa kuwa sisi hatujui pa kubonyeza. Hata ingewahi, sijui. Pengine ningenuna na nisingeiweka.

Tumekataliwa. Majibu yalikwenda kwenye simu ya yule kijana, akayaona baada ya muda wa kulalamika kupita. Nikashuka Same mwenyewe. Nilimkuta ofisi ya halmashauri binti mmoja anaitwa Shukrani, mtoto mwenye adabu, aliniamkia vizuri na kuniwekea kiti. Nilimwambia masikio yangu hayafai, akasogea karibu na kusema polepole, wala hakupiga kelele kama wanavyofanya wengine.

"Baba, hapa kwenye ufundi mmeweka sifuri," akasema.

Nikamwambia ndiyo, shule ni yetu.

"Kamati imeona hiyo bei haina uhalisia. Wameogopa mtaishia njiani. Hakuna mtu anayefanya kazi bure."

Nikamwambia aje Vudee aone ukuta. Nani alilipwa kwa ule ukuta?

Aliangalia meza. "Ukuta haukupita kwenye zabuni, baba."

Nikamuuliza basi nani amepewa. Akasema imezingatiwa sheria, amepewa mfanyabiashara wa wilaya, kampuni yenye ofisi Hedaru. Nilifurahi kidogo, nisikufiche. Nikasema kama ni mafundi wa Hedaru nitawafahamu, huenda wakataka mbao zetu, huenda wakatupa hata kipande cha kazi. Nikapanda basi nikateremka Hedaru.

Ofisi ipo. Ni chumba kimoja kati ya wauza vitunguu na duka la vocha, kina kibao kipya cha bluu na kufuli. Nilizunguka nyuma nikitafuta vumbi la mbao, au hata ubao mmoja umeegemezwa ukutani. Hakuna. Mama mmoja muuza vitunguu, Koleta, akaniambia chumba kilipangishwa mwezi wa kwanza. Alikuja kijana na gari zuri, akapigilia kibao, akakipiga picha, akafunga. Mama yule anaanikia vitunguu vyake kwenye kibaraza cha hiyo ofisi na hakuna aliyewahi kumfukuza.

Nimerudi nyumbani. Simeoni hajaniambia kwamba alinionya. Angeniambia ingekuwa afadhali. Nimeua kazi ya watu watatu kwa ajili ya heshima, na naona hata yako, ingawa hukuwa kwenye kikundi.

Baba yako,
Anaeli


Mbagala,
27 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Pole sana. Nimekaa na barua yako siku kadhaa kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi kwa watu nisiowajua, na Hellen akanizuia. Yeye hajambo, tumbo limeanza kuonekana. Mama asiwe na wasiwasi.

Usijilaumu baba. Nilikwambia uweke ufundi, lakini kwa chumba kile chenye kufuli, hata mngeweka wangepata sababu nyingine. Chumba kilipangishwa kabla ninyi hamjasomewa hata tangazo.

Sikiliza. Mimi narudi vile vile. Nimeshazungumza na Hellen. Ile oda ya madawati imekwisha, nilisaidia kuyapakia Ijumaa, malori mawili yamefunikwa turubai. Nilimuuliza dereva mzigo ni wa wapi, akasema ni njia ya kaskazini, ataelekezwa kwa simu. Malipo ya ziada tumelipwa yote. Kwa hiyo Juni tunakuja. Nitaleta mashine ndogo ya kuchomelea, wewe utashika mbao, mimi nitashika chuma, na safari hii bei ataandika Simeoni. Hiyo kazi ya vitanda vya bweni uliyoitaja bado haijatangazwa, si ndiyo? Tutaiwahi. Usiweke kitu kwenye benchi langu.

Mwanao,
Sadock


Vudee,
25 Mei 2025

Mwanangu Sadock,

Salamu kwako na kwa Hellen na kwa huyo aliye njiani. Sisi ni wazima. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamesimama.

Madawati yamefika. Lori lilishindwa kona ya chini ya kanisa, barabara ilikuwa tope. Kijana wa kampuni, yule yule wa gari zuri nadhani, akampigia mtendaji simu, na mtendaji akamwambia mwenye pembe apulize. Sikuisikia kwa masikio. Niliona watu wanatoka mashambani, nikajua. Nilisema sitakwenda. Mama yako alivaa kanga akatoka na goti lake. Basi nikamfuata.

Tumeyabeba yote, Sadock. Tumeyapandisha mpaka madarasani, wanaume, wanawake na wanafunzi, bila senti moja. Simeoni alibeba mawili mawili kama mwenye hasira. Kijana wa kampuni alikuwa anatupiga picha, akasema ameguswa sana na moyo wetu wa kujitolea. Nilimtazama nikataka kumuuliza kama hii kazi ya bure anaiona ina uhalisia. Lakini alikuwa mtoto tu, ametumwa, na alinipa maji ya chupa.

Tulipomaliza nilibaki darasani peke yangu. Nilipitisha mkono chini ya madawati, si kwa ubaya, ni mazoea ya fundi. La kwanza lilinikwaruza. La pili pia, uchomeleaji una miiba, na ukingo wa chuma umeachwa kama ulivyokatwa. Nikasema moyoni, hawa hawajui kitu, na nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikaenda safu ya dirishani. Mkono ukateleza.

Chini palikuwa laini. Ukingo umeviringishwa pale magoti yanapokaa. Nikashika la jirani, likakwaruza. Nikashika lingine mbele, laini tena. Nikakaa kwenye hilo dawati. Mwalimu aliingia akadhani nimechoka, akanisaidia kuinuka.

Ni madawati mazuri, mwanangu. Ningependa ujue nimesema hivyo. Lile ambalo mimi mwenyewe nililipandisha kutoka konani nalo nilirudi kulitafuta. Lilikuwa lako. Sijamwambia mtu, hata mama yako.

Nimewaza juu ya kurudi kwako tangu siku hiyo. Usirudi. Ukikaa Mbagala unatengeneza madawati ya Vudee. Ukija Vudee hutayatengeneza. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo, na sijui nani wa kuelezwa. Asheri amehamia kwenye shamba la tangawizi la shemeji yake. Simeoni alikuja kuchukua patasi zake, tukaagana mlangoni kama watu wanaotoka msibani. Kazi iliyobaki kwangu ni majeneza, na kwa majeneza fundi mmoja asiyesikia anatosha. Mama yako ameanza kuweka mahindi kwenye benchi la dirishani. Nimemwacha.

Usinijibu juu ya haya. Najua utataka kusema hukujua, na mimi najua hukujua. Niandikie hali zenu tu.

Baba yako anayekupenda,
Anaeli


Mbagala,
20 Julai 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo kwa mama pia. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na masikio yako hayakusumbui sana, na goti la mama limepata nafuu sasa mvua zimekwisha.

Sisi hatujambo kabisa. Hellen anaendelea vizuri, kliniki wamesema mtoto amekaa salama. Anawasalimu.

Joto limepungua. Kazi ipo. Tumeanza vitanda vya bweni.

Mwanao,
Sadock