Maneno ya Padre Urbani

Matogoro, Songea
9 Februari 2025

Mdogo wangu Xaveri,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Namasakata, na kile kifua chako kimetulia. Sisi hatujambo. Mahindi ya bondeni yamefika kiunoni, ila kule juu karibu na msitu nguruwe wamekula mistari minne. Shangazi Beata magoti yanamsumbua, lakini kila Jumapili bado anajikokota mwenyewe hadi parokiani, ile misale ya zamani, kitabu cha misa ya Kilatini, kaibana kwapani.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na wewe kwenye simu siku hizi una haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Notburga amechumbiwa. Kijana ni mzuri, fundi seremala, na ubaya wake ni mmoja tu: anaimba kwaya ya parokia. Wanataka kufunga ndoa tarehe 17 Mei, na atakayewafungisha ni paroko wetu, Padre Urbani. Nimemwambia mwanangu kwamba sitakanyaga pale. Analia, hali chakula. Ananiambia, "Mama, mbona babu alikuwa anasali palepale?"

Ni kweli. Misa ya zamani ya Kilatini ilipozuiwa na wakubwa wa Kanisa, naye kiongozi wenu Mathias akawatoa ninyi parokiani kwenda kusali uani kwake na yule padre wenu wa kupita, mimi na baba tulibaki. Baba alisema tusubiri, lakini tusubiri tukiwa ndani. Mimi nilikucheka, Xaveri, nilikuita mwasi mbele ya watu. Lakini wewe ndiye uliyekuwa kando ya kitanda cha baba alipokufa, mimi nikiwa hospitali ya Mbesa namuuguza Notburga na upasuaji wake wa kidole tumbo. Wewe ndiye uliyesikia paroko akisema hawezi kuingia nyumba ya waasi. Baba mwenyewe hakuwa mwasi! Miaka arobaini alifua vitambaa vya altare kwa mikono yake, akafa bila mpako mtakatifu wa wagonjwa, na paroko yuko mwendo wa dakika ishirini.

Pasaka iliyofuata nilimkabili mlangoni mwa kanisa, nikamwambia mbele ya watu wote, "Ulimwacha baba yangu afe kama mnyama." Unajua alijibu nini? "Pole sana, mama." Basi. Angekuwa hana hatia angejitetea. Siku ileile nikahamia kwa Mathias, na familia mbili za jumuiya yetu zikanifuata.

Sasa wewe ndiye mjomba wa binti. Mwandikie. Mwambie arudi nyuma, wafungishwe na padre wa Mathias akija Julai. Wewe atakusikiliza.

Dada yako,
Klementina


Namasakata, Tunduru
2 Machi 2025

Dada Klementina,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako nimeipata kwa yule dereva wa lori la korosho. Kifua kimepoa. Pole kwa nguruwe, na mpe pole shangazi.

Huku mfungo wa Ramadhani ndio umeanza, na sisi Jumatano tunapakwa majivu. Jirani yangu Mama Zabibu amecheka sana, anasema mwaka huu mimi mwalimu wao nitafunga pamoja nao kwa lazima. Wakatoliki hapa hatufiki thelathini. Kigango chetu ni cha matofali mabichi, padre anakuja mara moja kwa mwezi kama barabara inapitika, na misa ni ya Kiswahili, pamoja na ngoma. Naenda. Nakaa nyuma na rozari. Kilatini nakisema kimoyomoyo.

Kuhusu Notburga, nimefurahi. Kijana fundi ni jambo jema. Dada, nakuomba uende kwenye ndoa ya mtoto. Siku kama hiyo hairudi. Mambo ya paroko yaache kwanza, mwachie Mungu. Sote tulisema na kutenda mengi wakati ule wa mgawanyiko, na mimi nimekuja kuona kwamba baba alikuwa sahihi kuhusu subira.

Sitaweza kumwandikia barua ya kumkataza. Nisamehe kwa hilo.

Nawasalimu wote.

Mdogo wako,
Xaveri


Matogoro
19 Machi 2025

Xaveri,

Marahaba. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika kuliko ya kwanza.

Nimwachie Mungu? Wewe uliyetutoa machozi matangani kwa kutusimulia yale maneno ya paroko? Wewe unasali kwenye misa ya ngoma, na mimi uliyeniacha huku ndiye ninayepiga magoti kwenye udongo wa Mathias, nikisubiri padre anayekuja mara nne kwa mwaka? Mama Notburga wa parokia nimekuwa Mama Notburga wa uani, kwa sababu ya baba yetu. Nawe umekuwa mpole. Upole huo umeutoa wapi?

Jana Notburga kaniambia, "Mama, huenda mjomba hakusikia vizuri." Nikamwambia mjomba wako ni mwalimu, anasikia vizuri.

Basi nifanyie hili moja. Kaa chini, uniandikie maneno aliyosema Padre Urbani siku ile, neno kwa neno, jinsi alivyoyasema na mahali mliposimama. Utie sahihi yako. Nitampa Notburga asome mwenyewe. Akishasoma, aamue.

Dada yako,
Klementina


Namasakata
28 Machi 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama kuna haja ya kukuuliza hali kwenye barua kama hii, lakini natumaini u mzima, na naomba uwe umekaa unapoisoma.

Umesema niandike maneno ya Padre Urbani. Hakusema neno lolote. Sikumwita.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Alhamisi ile ya Agosti asubuhi baba aliamka akiwa na akili zake zote. Alikunywa uji vijiko vitatu, akaniambia, "Xaveri, mwite paroko, muda wangu umefika." Nikamwambia, "Sawa, baba." Nikatoka uani na simu, nikampigia padre wetu sisi, aliyekuwa Mbeya. Akasema atapanda basi, atafika Jumamosi. Nikarudi ndani, nikamwambia baba, "Nimeshaita padre. Anakuja." Ilikuwa kweli na ilikuwa uongo, na mimi nilijua hivyo nikiwa natamka.

Usidhani nilimchukia baba. Nilimpenda, na hapo ndipo niliponaswa. Mathias alitufundisha kwamba wale wa parokiani wameacha imani, kwamba kupokea kwao chochote ni kukubali makosa yao. Nikaona nitampa baba kilicho bora zaidi: mpako wa kale, kwa Kilatini kile alichokitumikia akiwa kijana. Nikajiambia mzee ana nguvu, atasubiri siku mbili. Na kwa ndani zaidi, dada, nilitaka kushinda. Nilitaka watu waseme Mzee Otto amefia upande wetu.

Aliniuliza tena jioni. "Amefika wapi?" Nikasema yuko njiani. Ijumaa asubuhi akauliza tena. Nikasema yuko njiani.

Ijumaa hiyo kama saa nne tukasikia pikipiki. Unaijua ile pikipiki ya paroko inavyokohoa ikipanda pale kwetu. Baba akageuza kichwa, akasema, "Huyo siyo yeye?" Nikaenda mlangoni. Padre Urbani alikuwa anapita kwenda kigangoni, begi lake mgongoni. Aliniona. Tulikuwa hatusalimiani tangu tulipotoka parokiani, lakini aliinua mkono. Nami nikainua wangu. Akapita. Nikarudi kwa baba nikamwambia, "Siyo yeye, baba. Ni mpita njia."

Hakuuliza tena. Mchana akaanza mwenyewe sala ya kuungama, Confiteor, ile ya utotoni, kwa sauti ndogo sana. Alipofika katikati akasahau. Akanishika mkono ili nimsaidie. Nikamalizia mimi. Alifariki saa nane.

Matangani shangazi aliuliza, "Kwani paroko hamkumwita?" Watu wote wakanitazama. Ningesema, "Sikumwita," na mambo yangeisha siku ile. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nilimwita. Alisema hawezi kuingia nyumba ya waasi." Sijui lilitoka wapi. Mathias akalidaka palepale, kufikia kesho yake lilikuwa limefika hadi sokoni. Kila mtu alipolirudia, likazidi kufanana na ukweli, na mimi nikazidi kunyamaza.

Kuna lingine. Mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule sikuweza kulala wala kufundisha. Nikaenda parokiani siku ya kazi, nikaingia kwenye kitubio, kwa Padre Urbani mwenyewe. Nilimwambia yote. Ni siri yake hadi kufa, lakini mimi niliyeungama naweza kuitoa. Kisha akasema, "Kamwambie dada yako. Mimi siwezi kukusemea." Nikaahidi. Wiki ileile nikaomba uhamisho, na Januari nikawa huku.

Kwa hiyo ulipomkabili mlangoni mwa kanisa, alikuwa anajua kila kitu, na hakuweza kukwambia. Uliponisimulia kwa simu jinsi ulivyomwaibisha, nilikata, nikasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Hii ndiyo barua uliyoiomba. Nimetia sahihi. Mpe Notburga aisome.

Mdogo wako,
Xaveri


Namasakata
27 Aprili 2025

Dada Klementina,

Shikamoo. Heri ya Pasaka. Natumaini mko wazima.

Mwezi umepita sijapata jibu lako. Dereva ameniapia kwamba barua alikukabidhi mkononi, ukiwa unapukuchua mahindi ya mwaka jana. Simu nimepiga, inaita tu. Sikulaumu.

Nimekaa Juma Kuu lote huku. Ijumaa Kuu, tulipobusu msalaba, nilijikuta nawaza kwamba wewe uko uani kwa Mathias kwa sababu yangu, na zile familia mbili pia, na watoto wao.

Ndoa ni tarehe 17. Nauli ninayo na mwalimu mkuu amenipa ruhusa. Lakini sitakuja hadi uniambie njoo. Nisipopata neno nitajua jibu lako.

Mdogo wako,
Xaveri


Matogoro
2 Juni 2025

Xaveri,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, mahindi yako ghalani, shangazi amepata dawa ya magoti.

Hukupata neno kwa sababu sikutaka uje. Nakwambia wazi. Ndoa ilifungwa, ilipendeza, watu waliuliza mjomba yuko wapi, nikasema ana kazi. Basi na mimi nimedanganya kwa ajili yako, na nimeona jinsi neno linavyotoka kirahisi.

Barua yako niliisoma nimekaa, kama ulivyosema. Nilipofika kwenye pikipiki nikaikunja. Siku tatu sikuifungua tena. Niliogopa kuimaliza, maana nilijua ikiisha nitakuwa sina wa kumchukia ila wewe, na baada yako mimi mwenyewe. Uongo wako uliusema mara moja, Xaveri. Mimi niliusema kisimani, kwenye jumuiya, sokoni, kwenye misiba ya watu. Miaka miwili. Wewe uliuzaa, mimi nikaulea.

Wiki ya Pasaka nikaenda nyumba ya mapadre. Nilimkuta Padre Urbani anawafungia kuku bandani. Nikamwambia, "Padre, mdogo wangu ameniandikia kuhusu baba." Akaacha kazi. Akauliza, "Amekuandikia mwenyewe? Kwa mkono wake?" Nikasema ndiyo. Akakaa kwenye ngazi, akajifuta uso. Akasema tu, "Nashukuru Mungu," na kuhusu kitubio chako hakutamka hata herufi moja.

Nikamuuliza, "Lakini hukuitwa. Hilo ulilijua bila kuambiwa na mtu. Mbona hukusema hata hilo, pale mlangoni?"

Akasema, "Ningejibu hilo, mama, ungeniuliza swali la pili, na hilo nisingeweza kulijibu."

Nilipiga magoti palepale kwenye kinyesi cha kuku. Akaniinua. Akasema tuende kanisani kama ninataka kupiga magoti, huko kuna mahali pake.

Nimerudi parokiani. Nakaa nyuma na shangazi. Usifikiri nimeacha kupenda misa ya zamani. Bado naiona kuwa nzuri kuliko hii, na siku ya ndoa ya Notburga, vilipopigwa vigelegele katikati ya sala, nilifumba macho. Padre anasema ruhusa siyo yake kuitoa, lakini ataandika kwa wakubwa kutuombea, nasi tusubiri. Tutasubiri. Baba alikuwa anaweza.

Familia zile mbili nimeziendea. Moja imerudi. Nyingine mume aliniuliza, "Sasa tuamini lipi, la jana au la leo?" Mathias nilipomwambia, alisema nimetishwa na paroko. Hawezi kuamini kutoka kwangu, kwa sababu maneno hayakuwa yangu.

Kwa hiyo nakuambia njoo. Jumapili tarehe 29, siku ya Petro na Paulo, watakusanyika uani kwa Mathias kama kawaida. Uwaambie wewe. Usiniletee barua nyingine nikawasomee.

Kukusamehe bado. Nalianza neno kwenye Baba Yetu, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea nanyamaza, shangazi ananitazama. Lakini siku hiyo nitakuwepo, nitakaa mbele, utaniona. Ukimaliza utakuja kula nyumbani. Hayo mengine tutayajua huko.

Dada yako,
Klementina


Namasakata
14 Juni 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nitapanda basi la Jumamosi, tarehe 28. Naomba usimwambie Mathias, nitafika kwake mwenyewe kabla ya sala. Na kabla ya Mathias nitapita parokiani, kama Padre Urbani atakubali kunipa mkono.

Nimejaribu kuandika nitakayowaambia. Nimechana karatasi tatu. Ya kwanza ilianza na mapenzi yangu kwa baba, ya pili na mafundisho tuliyopewa, ya tatu na jinsi mambo yalivyokuwa magumu wakati ule. Zote zilikuwa zinanitafutia njia ya kutokea.

Sitaandika tena. Nitasimama, nitawasalimu, kisha nitasema: sikumwita.

Mdogo wako,
Xaveri