Kadi Yenye Mstari wa Penseli

Mwaitu, mama yangu,

Goti linaendeleaje? Na yule mbuzi mweupe ameacha kula nguo za watu? Mimi ni mzima, nakohoa kidogo tu kwa moshi wa hapa Sarang'ombe. Sikupiga simu kwa sababu simu yako hushikwa na baba mdogo, na haya sitaki ayasikie. Soma ukiwa peke yako.

Kazi ya maktaba bado ninayo. Kila asubuhi natembea hadi Kawangware kuingiza kadi za zamani kwenye kompyuta. Za vitabu nilimaliza, sasa niko droo ya maswali. Kabla kila mtu hajawa na simu ya kuuliza, msomaji aliandika swali kwenye kadi, akaitia kwenye kisanduku cha mlangoni. Mkutubi alitafuta jibu vitabuni au magazetini, akabandika kadi ukutani mwenyewe aje asome, kisha ikawekwa droo. Watu wameuliza mambo. Dawa ya viroboto. Ngozi ya mbuzi hukauka siku ngapi. Mmoja alitaka kujua kama anaweza kumshtaki mama mkwe, nikacheka peke yangu.

Halafu nikapata kadi imeandikwa, "Kitui imenyesha?" Nikaipita, maana watu wa kwetu ni wengi hapa. Mbele kidogo nyingine, swali lile lile, na nyingine tena. Penseli nene ya fundi, na maneno yamekaa juu ya mstari uliopigwa kwanza, kama mtu anayepima ubao kabla ya kukata. Nenda nyuma ya mlango wa jikoni uangalie ile orodha ya misumari aliyoiacha Baba. Ni mkono huo huo.

Nikajituliza. Baba alikuwa seremala hapa mtaa wa Raila kabla hajapotea, mimi nikiwa darasa la tatu, basi ni kadi za siku hizo. Lakini Mama Wairimu, mkutubi wetu anayekaribia kustaafu, nilipomwonyesha aliniambia, "Huyo bado anauliza. Kila vuli. Sijawahi kumwona."

"Na hukumtafuta?"

"Kazi yetu ni kujibu, msichana. Si kumchungulia mwenye swali."

Wiki mbili zilizopita kadi nyingine yenye swali lile ikaja. Nilijibu mimi, na hapo ndipo nilipokosea, maana sheria ya hapa ni kuandika kilicho gazetini tu. Niliandika, "Imenyesha. Kunde zimechanua. Wanakungoja." Nikaibandika ukutani na sikumwambia mtu.

Alhamisi nikakaa kando ya kisanduku tangu kufungua mpaka kufunga. Hata githeri yangu ya mchana niliila hapo, na vijana wanaosomea mitihani wakanitania, "Madam, leo unachunga boksi?" Hakuna aliyetia kitu. Nilipokifungua jioni kulikuwa na kadi moja, ina unga wa mbao kwenye kona. Mstari umepigwa. Juu yake:

"Mtu akizikwa bila mwili, bado anaweza kurudi nyumbani?"

Mwaitu, kikao cha ukoo cha kumhesabu Baba kuwa marehemu na kumwekea msalaba shambani ni mwezi ujao. Hapa Nairobi sijamwambia yeyote. Mama Wairimu hajui hata kama nilikuwa na baba. Naogopa, sitakuficha. Siku hizi napita mlangoni bila kuangalia upande wa kile kisanduku.

Jibu linatakiwa kubandikwa ndani ya siku saba. Nimetafuta vitabuni, hakuna. Na wenye ukoo wanakusubiri wewe tu ukubali ule msalaba, kwa hivyo hili si langu kujibu.

Nisalimie nyanya, umwambie dawa ya macho nimeipata. Dada yangu mkubwa na watoto wake pia. Baba mdogo msalimie, lakini usimwonyeshe hii.

Ndani ya bahasha kuna kadi tupu. Andika kwa mkono wako, anaweza au hawezi, uitume na gari la asubuhi. Mstari nimeshakupigia.

Binti yako,
Mwende