Chupa ya Chuma Kisimani

Mama,

Leo nimekuota tena. Unavuta maji kisimani, kamba inapita mikononi mwako polepole, na mikono haitetemeki. Nilipoamka nikasema heri nikuandikie, hata kama karatasi hii nitaifukia tu kando yako.

Unakumbuka ile chupa ya chuma niliyokuletea kutoka mgodini Salamabila? Ulikuwa unalalamika kwamba ndoo inaelea, haitaki kuzama. Nikaona chupa zimetupwa nyuma ya ghala, fupi, nzito, nikamwomba kapita, msimamizi wetu, anipe moja. Nikaifunga kwenye ndoo, ikazama mara moja. Ukacheka, ukasema, "Mwanangu, sasa kisima kinanisikia." Kicheko kile nilitembea nacho njia nzima ya kurudi kambini. Sikujiuliza chupa ilikuwa imebeba nini. Ilibeba zebaki, Mama, ile dawa ya kukamatia dhahabu, inayong'aa na kukimbia mkononi usiweze kuishika. Ndani ilikuwa imebaki kidogo, na kizibo kimelegea.

Halafu ukaanza kutetemeka. Ufizi ukatoka damu. Ulisema chai iko na ladha ya musumari. Wewe mtu wa mizaha, ukawa unalia kwa sababu kijiko kimeanguka. Tukasema umerogwa, tukamtazama Mama Riziki, mke mwenzako, aliyekuletea maji ya kisima chenu wawili kila asubuhi ulipokuwa huwezi kutoka. Ulipofariki, hakuna aliyekula chakula chake. Mikono yake nayo ilipoanza kutetemeka, tukasema uchawi umemrudia. Hata mimi, Mama, nilipita mlangoni kwake bila salamu. Naona haya kuandika hivi.

Mkataba wangu uliisha, nikarudi nyumbani. Kiangazi hiki maji yalipungua, nikashuka kusafisha kisima. Chini kulikuwa baridi na kimya, mbingu imebaki ndogo kama sahani. Katika tope nikaona vitone vya fedha vinaviringika, vinaungana, vinaachana. Vilikuwa vizuri. Nilivitazama muda mrefu, kama niko usingizini, kabla ya kuelewa. Muganga wa kambi alitukataza kuvigusa, na wenzetu wanaochoma dhahabu walikuwa wanatetemeka vilevile. Niliyajua yote hayo, ila nilidhani sumu inabaki kambini.

Nikapanda na tope lile kwenye bakuli. Nikamwita baba mkubwa, watu wote wa nyumba, na Mama Riziki. Nikawaambia, si yeye, ni mimi. Mama Riziki akanishika kwa mkono ule unaotetemeka, akasema, "Hukujua, mutoto wangu. Lakini miye mulinijua."



Kisima tumekifukia. Sasa kila asubuhi nasimama mlangoni kwake, namwamkia kwanza, halafu tunaenda pamoja kijito cha juu, mbali, na mtungi nabeba mimi. Mgodini sirudi.

Pumzika, Mama. Nakuahidi mlango ule sitaupita kimya tena, na Mama Riziki hatateka maji peke yake maadamu nina miguu. Ndoo yako tunayo, bila ile chupa, tunatekea kijitoni. Inaelea, haitaki kuzama, kama zamani. Tunaingoja mpaka ijae yenyewe.

Mwanao,
Ramazani