Kabla Hujapanda Mizani Ijumaa

Mpendwa mwanangu Sechelela,

Mbukwa, mwanangu. Nimeanza na salamu ya kwetu. Kama hujala, kula kwanza ndipo usome. Najua huko Arusha, kwa ajili ya pambano la Jumamosi, umejikatalia chakula. Mimi mama yako nakwambia kula, na sababu ninayo, nitaisema humu humu hata kama itaniua kwa aibu.

Juzi uliponipigia simu pale dukani kwa Mama Neema, watu sita walikuwa wamenizunguka wanasubiri zamu yao, masikio yote kwangu. Ukaniambia, "Mama, safari hii sifanyi mchezo. Leo siku ya pili siweki kitu mdomoni. Maji nasukutua tu, natema." Nikakuuliza kwa nini ujitese hivyo. Ukacheka kile kicheko chako cha puani, ukasema, "Mwili wangu mwongo, mama. Hata nikila uji mtupu unaficha kilo. Si uliona mwenyewe hapo Dodoma?"

Nikajibu, "Niliona, mwanangu." Simu ikakatika. Mama Neema akaniuliza mbona nimeishika kama nyoka.

Seche, mwili wako si mwongo. Mwongo ni mimi.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikilisema ghafla utaona nilikufanyia uadui. Ulipokuwa na mwaka mmoja na miezi, mvua ilikataa. Uwele ulikauka ungali magotini. Nilikupeleka kliniki, wakakuvalisha ile kaptula ya kitambaa, wakakutundika kwenye mizani. Nesi akaangalia, akaweka alama kwenye kadi, alama ikashuka chini ya ile ya mwezi uliopita. Akaiinua kadi yako juu wanawake wote waione. "Huyu mama anakula peke yake! Mtoto anamwachia nini?" Wenzangu wakacheka. Nami nilikuwa na siku mbili sijala, nakunyonyesha wewe. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia, nikaapa kwamba mtoto wangu hatapimwa tena mbele za watu akaonekana mwepesi.

Hiyo ndiyo mizani niliyoijua mimi. Nyingine sikuwahi kuiona.

Ukakua, ukawa wewe. Nakumbuka ulivyompiga yule kijana aliyeruka foleni ya maji, mama yake akamleta kwangu na pua imevimba. "Tazama alivyofanya binti yako!" Nikakupiga fimbo mbele yake, alipoondoka nikakupa kipande cha muwa. Baba yako, Mungu amrehemu, walikuwa wameshampunguza kazini, shirika limeuzwa, anakaa tu chini ya ukuta. Siku ile ndiyo niliona anacheka tena.

Na nakumbuka Kocha Idi alivyokuja mara ya kwanza. Alikuwa anafundisha vijana ngumi kwenye ghala la shirika lililofungwa, wewe ukitoka kuuza mitumba unakwenda kuchungulia mlangoni. Akaja kwetu amevaa kofia yake ya Kondoa, akaketi na kunywa maji, akasema, "Mama Seche, nimekuja kuposa." Nikamwambia binti bado mdogo. Akasema, "Siposi yeye. Naposa mikono yake tu, yeye mwenyewe atabaki nyumbani." Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Niliiangalia mikono yako, nikaona itavunjika.

Miaka yote ile ukipigana sikulala. Lakini zile ngumi za mwanzo mlipambanishwa kwa macho tu. Huyu na huyu wanalingana, haya pandeni. Mizani haikuwepo. Ilikuja na lile pambano la ubingwa. Ukaniambia Jumatatu, "Mama, Ijumaa napimwa uzito ukumbini, mbele ya watu wa magazeti na daktari." Ulisema na mengine, kwamba kocha ameshakupima kwenye mizani ya nafaka pale ghalani na uko sawasawa kabisa, na wiki hiyo niwe nakupikia uji mtupu na mlenda, basi. Mimi nilishasikia neno moja tu. Kupimwa. Mbele ya watu.

Nikakutazama mashavu yalivyoingia. Nikasema moyoni, hawa watamwaibisha mwanangu, na mimi nipo.

Karanga ninazouza mimi mwenyewe, nazisaga mimi mwenyewe. Nilikuwa nachota konzi mbili, asubuhi na jioni, nazikoroga kwenye uji wako na samli kijiko. Jumatano ukanusa kikombe. "Mama, uji una nini leo?" Nikakujibu bila kupepesa, "Uwele mpya huo, ndio maana mzito." Ukanywa wote. Ijumaa asubuhi nikakupa kikombe kikubwa, ukasema hapana, nikasema mnywee marehemu baba yako. Ukanywa.

Hilo ndilo lililokuwemo kwenye uji, Seche. Hukunenepa kwa hewa.

Na mchana wake nikaja ukumbini na khanga yangu mpya. Ukapanda. Bwana wa mizani akasogeza kichuma, akasogeza tena, akasema kilo moja na nusu imezidi. Mimi nilisikia "imezidi" tu. Nikapiga vigelegele! Ukumbi mzima kimya, mimi peke yangu napiga vigelegele. Watu wakaangua kicheko, wakadhani ni mama chizi. Wewe hukugeuka, ulikuwa unaitazama mizani kama mtu aliyeibiwa. Aliyegeuka ni Kocha Idi. Alinitazama, kisha akatazama chini.

Ndipo wakakupa muda wa saa mbili. Ukavaa koti la mvua juu ya masweta mawili, jua la saa saba, ukakimbia barabara ya Msalato na kurudi, unatema mate kwenye kopo. Niliuliza mtu mmoja, kwani anakimbia nini? Akaniambia, "Anatoa uzito, mama. Ukizidi hupigani." Ningeweza kusema wakati ule. Nilikaa kwenye benchi nikakaa kimya.

Ukarudi, ukapanda tena, mizani ikakukubali. Jumamosi yake uliingia ulingoni midomo imekauka kama ganda. Raundi tatu ulipigana vizuri. Ya nne nikaona unainua mkono kama unanyanyua ndoo. Ya tano yule binti wa Tanga akakupiga upande wa sikio, si ngumi kubwa, nimekuona ukipigwa kubwa kuliko ile, ukaanguka kifudifudi. Mwamuzi hakumaliza hata kuhesabu. Hospitali uliniuliza, "Dada, mama yangu yuko wapi?" Siku nzima uliniita dada.

Ulipopata fahamu zako ukamgeukia kocha. Nilikuwepo, nimeshika bakuli. "Ile mizani yako ya ghalani ilisema niko sawa! Umeniuza kwa nani, kocha?" Akasema, "Seche, pumzika." Ukamwambia, "Toka. Nisikuone kwenye kona yangu mpaka nife." Akavaa kofia yake, akatoka. Hakunitazama hata mimi. Na mimi, mwanangu, nikakoroga chumvi kwenye supu. Mwaka na nusu sasa nakoroga.

Jana nimekwenda Makole, kwa Kocha Idi. Nilimkuta amepindua baiskeli ya mtu anaziba pancha.

"Karibu Mama Seche! Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kujishtaki."

"Umeiba nini, kuku?"

"Nimeiba ubingwa wa mtoto."

Hakuinua kichwa. Akaendelea kusugua mpira. Kisha akasema, "Ulimpa nini? Karanga?"

Nikakaa chini, kwenye vumbi, na khanga yangu. "Ulijua?"

"Palepale ukumbini. Nani mwingine angeshangilia? Ndugu zako Wagogo wananenepesha ng'ombe wa mnada wa Msalato, wewe ukanenepesha bondia." Akacheka, halafu akaacha.

"Mbona hukusema, baba? Kakutukana, kakufukuza, mji mzima unakuita muuza mabondia."

"Ningesema lini? Mtoto amelala, anakuita dada, nimwambie aliyekuponza ni huyo aliyeshika bakuli? Makocha tupo wengi, Mama Seche."

Nililia pale mpaka mwenye baiskeli akaja akaondoka bila kuidai.

Nikamweleza uliyoniambia kwenye simu. Hapo ndipo nilimwona anaogopa, na mtu yule hujawahi kumwona anaogopa. Akafuta mikono. "Kwa hiyo leo siku ya tatu bila maji? Na kupima ni Ijumaa?" Akaniambia jambo hili, nami nakuandikia kama alivyolisema, ili usidhani ni maneno ya mama. Uzito wako wa kweli ni ule wa ghalani. Ukila uji mtupu na mlenda na ukinywa maji yako kwa utaratibu, mizani itakukubali bila shida. Ukijikausha siku nne, mizani itakukubali vilevile, ila kichwa hakitakubali. Kichwa kilichokauka kikipigwa, akasema, hakina mto. Na chako kimeshapigwa kikavu mara moja.

Wewe unajikausha kwa sababu ya konzi za karanga ambazo hukuziona. Unaadhibu mwili ambao haukukukosea. Ukipanda ulingoni hivyo Jumamosi na ukaanguka, sitakuwa nimekuponza mara moja, nitakuwa nimekuponza mara mbili, na ya pili najua.

Hasira zako nazitaka. Usizimalizie huko kwa mtu mwingine, zilete hapa Dodoma. Sema yote uliyomwambia yeye, niambie mimi. Uninyime simu mwaka mzima, ni haki yako, nitakwenda dukani kwa Mama Neema kununua chumvi tu. Ila usije ukasema tena kwamba mwili wako ni mwongo. Ule mwili nimeubeba mimi, naujua, haujawahi kudanganya tangu siku ulipotoka unapiga kelele.

Barua hii sikuitia posta. Posta ingefika Jumatatu. Nilimwomba mtu akaniuliza, "Na akinifukuza?" Nikamwambia akikufukuza kaa kwenye ngazi, njaa ikimzidi atatoka. Akasema, "Binti yako huyo? Hatoki." Lakini alfajiri hii anapanda basi la Arusha linalopitia Kondoa. Kwao Kolo atapita bila kushuka, na mama yake mzee hajamwona tangu mfungo.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma utamkuta hapo mlangoni, kofia mkononi, anajifanya anatazama mlima. Usiseme lolote kwanza. Mwamkie. Mwambie shikamoo kama nilivyokufundisha, kwa sauti, mpaka aitikie. Kisha chukua maji, kikombe kizima, unywe mbele yake hadi mwisho, ili atakaponipigia simu Jumamosi asubuhi asinifiche kitu.

Mizani ikikataa Ijumaa, ikatae. Rudi nyumbani mzima na begi lako.

Mimi niliyekuzaa na kukukosea,
Mama yako